Afisa Utamaduni na Nyumba ya Mkwe

Waliofanya kazi na Calist Mughwai pale Manyoni wanajua jambo moja kumhusu: mambo ya kujitolea yalikuwa hayampati. Ikija siku ya kuchangia damu, Calist alikuwa na malaria. Ikija siku ya kupanda miti, mgongo ulimkaza tangu alfajiri. Siku ya usafi alionekana, ndiyo, tena na ufagio mkononi, lakini ufagio wenyewe ulirudi stoo ukiwa msafi kuliko ulivyotoka. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, hakuwa na choyo, na hakuna aliyempita kwa kuwapanga wanakwaya na wacheza ngoma mgeni mkubwa anapokuja. Alikuwa afisa utamaduni, na kwa maoni yake mtu akishabeba utamaduni wa wilaya nzima mabegani, si haki kumwongezea jembe.

Ndiyo maana mafuriko yalipoipiga Kintinku baada ya Krismasi, na mkurugenzi akawakusanya watumishi ukumbini kuuliza nani atakwenda kuwajengea wananchi nyumba, tena bila posho na kwa kulala huko huko, jambo lililofuata liliwashangaza wote. Watu walikuwa wameinamia simu zao kama wanaosali. Mara mkono ukanyanyuka kule nyuma, na ulikuwa mkono wa Calist. Na kana kwamba mkono hautoshi, mwenyewe akasimama.

"Umesikia vizuri lakini?" akanong'ona Rukaiya, afisa lishe, aliyekaa jirani yake. "Amesema hakuna posho."

"Nimesikia."

"Na mgongo je?"

"Mgongo umepona," akasema Calist, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye maji yamemfika shingoni.

Aliyeuponya mgongo huo alikuwa mke wake. Mchana wa jana yake Magreth alimpakulia chakula, akakaa mbele yake, lakini yeye mwenyewe hakula.

"Baba Asnath, nyumba ya mama kule Kintinku imekwenda na maji."

"Ee, pole sana! Mwenyewe mzima?"

"Mzima. Wamewaweka darasani, shule ya msingi, yeye na wazee wenzake. Ila Jumatatu shule zinafunguliwa, watoto wanataka darasa lao. Nimempigia simu. Anakuja kukaa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwetu. Kwani una kwingine?"

Calist akaacha tonge lirudi sahanini, akaitazama nyumba yake. Ilikuwa nyumba ya serikali, chumba na sebule, yenye dari nyembamba na bafu moja ambalo mlango wake haujafunga sawasawa tangu wahamie. Ukikohoa chumbani, wa sebuleni anakwambia pole.

Kwa mtu wa mji mkubwa hili lingekuwa jambo dogo. Lakini Calist alikuwa Mnyaturu wa Ikungi, Magreth alikuwa Mgogo, na ingawa koo zao hazikuwahi kukubaliana hata namna ya kupika mlenda, kwenye suala la mkwe zilikuwa na sauti moja. Mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na habari ya kulala chini ya paa moja haizungumzwi mbele ya watoto. Tangu aoe, salamu zake kwa mama mkwe wake, Bibi Yunisi, zilipitia kwa Magreth. Mara moja tu bibi alitokea Manyoni bila taarifa, kuja kumwona mjukuu aliyezaliwa, akamkuta Calist anaoga. Calist alipoisikia sauti yake sebuleni, alibaki bafuni. Alibaki wakati bibi anakunywa chai, akabaki wakati anambembeleza mtoto, akabaki wakati anampikia mzazi uji, na alipotoka vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mzee.

"Tutaweka pazia," Magreth akasema.

"Pazia! Magreth, mimi ni afisa utamaduni! Juzi tu nimekaa redioni nawaambia vijana wamheshimu mkwe. Leo nilale na mama mkwe wangu tumetenganishwa na kitenge?"

"Basi mjengee yake."

Magreth akacheka aliposema hivyo, maana mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa amewahi kumwita fundi aje kugongomelea msumari wa kutundikia kalenda. Lakini Calist hakucheka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba huo ukuta unaweza kuwa wa mama mkwe.

Lori liliwashusha Kintinku siku ya Alhamisi. Maji yalikuwa yamekwisha kupungua, yakaacha tope, kuta zilizolala kifudifudi, na magunia ya mtama uliochipua ukiwa humo humo ndani. Mwanamke mmoja alikuwa akianika daftari za watoto juu ya miiba, ukurasa mmoja mmoja. Nisiseme uongo, hapo hata Calist alilisahau bafu lake kwa muda. Wengi waliobomokewa walikuwa wamepokelewa na ndugu. Waliobaki darasani ni wazee wachache wasio na pa kwenda, na hao ndio waliopangiwa nyumba za miti, zikandikwe udongo na kuezekwa bati, kule juu mwinukoni ambako maji hayafiki.

Msafara uliongozwa na Noel, fundi sanifu wa ujenzi, kijana mwembamba aliyependa sheria kuliko usingizi. Alisimama juu ya tairi la akiba, akasema:

"Sheria ya kwanza! Hakuna mtumishi kujenga nyumba ya ndugu yake. Sitaki kusikia Kintinku wanasema tumekuja kujengeana sisi kwa sisi. Nikimkamata mtu, anarudi Manyoni, na nyumba hiyo inasimama mpaka tuijadili kwenye kikao."

Kila mtumishi wa serikali anajua kikao ni nini. Jambo likishaingia humo, hata Jumatatu tatu hazitoshi. Calist akaamua kutomtaja mkwe wake.

"Nyumba ya mwisho ni ile ya kule juu kabisa, ya Bibi Yunisi," Noel akaendelea. "Maji ya kukandia udongo mtayabeba kutoka huku chini. Nani anakwenda?"

Watumishi wakautazama mwinuko, kisha wakatazama viatu vyao. Mkono wa Calist ukapanda tena. Noel akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kumbe watu huwa tunawahukumu bure.

Calist alikwenda huko amevaa kofia ya pama iliyomshuka hadi nyusi, na taulo amelizungushia uso mpaka yakabaki macho. Rukaiya, waliyepangwa naye, akamwuliza vipi.

"Vumbi linanisumbua," akajibu, katika kijiji ambacho vumbi lilikuwa halijaonekana tangu Krismasi.

Bibi Yunisi alikuwa amekaa juu ya kinu alichokipindua, kinu kilichokuwa karibu mali yake yote iliyookoka. "Mbukwenyi!" akawasalimu wote kwa pamoja, akitazama pembeni. Alimjua mkwe wake pale pale. Mama aliyemwoza binti yake hausahau mwendo wa aliyemchukua, hata umfunike gunia. Kijiji kizima nacho kilimjua. Wasiojua walikuwa watumishi peke yao, na hakuna mwanakijiji aliyewaambia, kwa sababu baada ya msiba ule watu walikuwa na kiu ya kitu cha kuchekea.

Kazi ikaanza. Calist alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akafunga fito, na kwa kuwa hajawahi kufanya lolote katika hayo, alifanya kwa makosa na kwa nguvu nyingi.

"Mwanangu," bibi akamwambia Rukaiya, "hebu mwambie yule bwana wa vumbi, nguzo yake imelala."

Bwana wa vumbi alikuwa amesimama hapo hapo, hatua chache tu.

"Bwana Calist, bibi anasema nguzo imelala."

"Mwambie bibi nimesikia, nainyanyua."

"Bibi, anasema amesikia."

"Mwambie asante. Na asiishindilie kwa kisigino, atumie mchi."

Mambo yakaendelea hivyo asubuhi nzima, Rukaiya akigeuka huku na huku mpaka shingo ikamuuma. "Ninyi mna ugomvi?" akauliza mwisho.

"Ugomvi wa nini? Ni heshima kwa wazee tu."

"Mimi nami mzee wangu nyumbani namheshimu, lakini tunaongea!"

Calist akaingia mlangoni kufunga fito za ndani. Bibi, aliyekuwa humo akiangalia pa kuweka mafiga, akatokea upande wa pili, penye uwazi ambapo ukuta ulikuwa haujafungwa. Akatoka Calist, akarudi bibi. Wakazunguka hivyo siku nzima bila kukutana, na waliokuwa wakibeba udongo ikabidi waweke ndoo chini ili wacheke vizuri.

Kimbembe kilikuwa chakula. Bibi Yunisi na jirani yake Damari waliwapikia wajenzi ugali wa mtama na mlenda, wakakaa nao hapo hapo kuwapakulia. Calist, ambaye tangu alfajiri alikuwa na kikombe cha chai peke yake tumboni, akasema hasikii njaa, akaingia kwenye shimo la udongo akawa anaukanyaga. Tumbo lilinguruma akasikia hata Rukaiya. Naye, kama afisa lishe, ilimgusa. Akampiga picha, akaituma kwenye kundi la simu la watumishi: "Wenzake wanakula, yeye anawakandia wananchi udongo." Hongera zikamiminika. Mkurugenzi mwenyewe akaandika kwamba huyu ndiye mtumishi tunayemtaka. Calist akaisoma simu, akatamani angekuwa mtumishi wasiyemtaka, amekaa mbele ya ugali.

Siku ya pili Damari alipita nyuma ya rundo la fito na bakuli lililofunikwa. "Jamani, hii imesahaulika huku nyuma," akasema kwa sauti, macho yakiwa mawinguni, kisha akaondoka. Calist akainua kifuniko. Kilichosahaulika kilikuwa ugali wa moto, mlenda, na kipande kizima cha kambale. Akala amechuchumaa, upesi upesi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni nani hasa alikuwa akimkimbia mwenzake pale.

Jumapili asubuhi kuta zilikuwa zimekandikwa na bati karibu zote zimepigwa. Zilibaki mbili. Upande wa Bahi wingu lilikuwa jeusi, na fundi wa kuezeka ameitwa nyumba nyingine.

"Bwana Calist, panda umalizie!" Noel akapiga kelele kutoka chini.

Calist akapanda ngazi na misumari mdomoni, akafika katikati, akaganda. Ndani alisikia ufagio. Bibi Yunisi alikuwa anafagia. Kumkanyagia mama mkwe juu ya kichwa! Hilo hata redioni hakuwahi kulitaja, kwa kuwa hakufikiri kuna mtu angehitaji kuambiwa.

"Panda basi, mvua hiyo!"

"Napumzika!"

"Unapumzika kwenye ngazi?"

Ufagio ukanyamaza. Bibi Yunisi akatoka nje, akasema kwa sauti, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba anakwenda kumtafuta kuku wake. Kuku wake wote walikuwa wamekwenda na mafuriko, na kila mtu aliyekuwepo alilijua hilo. Akateremka mwinuko polepole, akiita kuku wasiokuwepo. Calist akapanda, akapigilia bati mbili zile, na misumari miwili aliikosa kwa sababu macho yalikuwa na maji. Alimwambia Rukaiya ni vumbi.

Mchana Magreth akafika kwa basi, na masufuria ya mama yake. Akasimama nyuma ya watu, kimya, maana mumewe alikuwa amemwonya kwenye simu kuhusu sheria ya Noel. Kijiji kikakusanyika kwa makabidhiano. Noel akajikohoza.

"Nyumba hii ndiyo imeongoza kwa ubora wa kazi," akasema. "Mkurugenzi ameelekeza kwamba Bwana Calist, mtumishi wetu wa mfano, amkabidhi bibi ufunguo. Sasa, Bwana Calist, toa hilo taulo uonekane. Mpe bibi ufunguo, mshikane mikono, mtazamane, Rukaiya apige picha, halafu umwingize ndani umwonyeshe chumba chake cha kulala."

Maneno machache, na kila neno lina kosa lake. Wanakijiji wakasogea karibu kwa raha isiyo kifani. Calist aliushika ufunguo, akapima. Akisema ukweli, nyumba inakwenda kikaoni, na kesho watoto wanadai darasa. Asiposema, anamshika mama mkwe mkono mbele ya kijiji chake, bibi adhalilike, na yeye asiweze tena kufungua mdomo kuhusu mila mbele ya mtu mwenye akili. Alimtazama Magreth. Magreth akatazama chini.

"Ngojeni kwanza, wanangu," akasema Bibi Yunisi.

Alikuwa amesimama wima, kanga ameifunga vizuri, macho yake kwa Noel.

"Nyumba iliyojengwa baada ya mafuriko, ufunguo wake haupokelewi mkononi. Unawekwa kizingitini. Aliyejenga anageuka, anatazama maji yalikotoka, na mwenye nyumba anauokota mwenyewe. Ukipokelewa mkononi, maji yanarudi. Ndiyo mila yetu."

"Mbona sijawahi kuisikia, bibi?" Noel akauliza.

"Utaisikia wapi, na wewe umezaliwa juzi? Kama huniamini, si mna afisa utamaduni hapo? Muulizeni."

Macho yote yakamgeukia Calist. Katika vitabu vyote alivyosoma, na wazee wote aliowahoji, hakuwahi kukutana na mila hiyo, kwa sababu nzuri sana kwamba ilikuwa na umri wa nusu dakika. Akalishusha taulo. Sauti yake ya redioni ikaja yenyewe.

"Ni kweli kabisa," akasema. "Hii ni mila ya kale sana. Kwa masikitiko makubwa, imeanza kupotea. Nampongeza bibi kwa kuitunza."

"Hata babu yangu alifanya hivyo hivyo," akadakia mzee mmoja, na wanawake wakauma ncha za kanga zao wasicheke.

Noel, ambaye sheria yoyote ilimfurahisha ilimradi ni sheria, akaagiza nyumba zote zilizobaki zikabidhiwe kwa utaratibu huo. Calist akauweka ufunguo kizingitini, akageuka, akatazama bondeni yalikotokea maji. Nyuma yake akamsikia bibi akiinama, akiuokota, na vigelegele vikapaa. Nasikia mpaka leo watu wa huko wanakabidhiana nyumba hivyo, na ukiwaambia mila hii ni ya juzi, watakutaka uende ukamwulize afisa utamaduni.

Watu walipotawanyika, Calist akamvuta mkewe nyuma ya nyumba. Alikuwa ametapakaa udongo, malengelenge viganjani, na alijiona amekuwa mwanamume mpya.

"Umeona, mama Asnath? Sasa mama ana kwake. Hana tena haja ya kuja kwetu."

"Hakuwa anakuja," Magreth akasema.

"Hakuwa nini?"

"Siku ile nilipomwambia aje, alilia. Alisema ni afadhali alale njiani kuliko akalale kwa mkwe wake. Tangu watangaze habari ya Jumatatu alikuwa hapati usingizi. Ndipo akaniambia, basi, wewe mwambie mumeo kwamba nakuja."

"Yaani mlinitisha! Kwa nini asiombe tu? Mimi ningemjengea!"

Magreth alimtazama mpaka mwenyewe akaona aibu ya alichokisema. Kisha akajibu kwa upole.

"Aombe kwa mdomo gani? Tangu unioe, amewahi kukwambia hata neno moja?"

Kisha akaondoka kwenda kuyapanga masufuria. Calist akabaki pale. Aliona haya kweli, haya ya mtu mzima, isiyohitaji mashahidi. Siku zote hizo alidhani mwenye shida ni yeye na bafu lake. Kumbe mama wa watu alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto akihesabu siku kwa hofu ile ile, bila nyumba, bila kuku, na bila ruhusa ya kumwambia mtu aliyeweza kumsaidia.

Ndani ufagio ulikuwa umeanza tena. Calist akausogelea ukuta, akaweka bega, akashusha sauti.

"Mama," akasema, akiuambia udongo. "Shikamoo."

Ufagio ukasimama. Ukakaa kimya muda mrefu, hata akadhani amekosea na amevunja kitu kisichoungika tena.

"Marahaba, mwanangu," ikaja sauti kutoka upande wa pili, karibu sana, kana kwamba na yeye ameusogelea ukuta. "Asante kwa nyumba." Kisha, baada ya kutafakari: "Ukuta huo usiuegemee lakini. Bado mbichi."

Calist alikuwa ameshauegemea.